Mtafiti ni Mtoto wa Nani? Siku za Bamvua Jambiani

Gari ya 309 kutoka mjini haiondoki mpaka ijae, na ikishajaa haikatai abiria. Inapita Tunguu, inaingia msitu wa Jozani ambako watalii hushuka kuwapiga picha kima punju, kisha udongo mwekundu unakwisha na mawe yanaanza. Kusini mashariki ya Unguja ni maweni kwelikweli: mihogo na mtama hupandwa kwenye vishimo vya udongo baina ya majiwe, na mwenye shamba huvijua vishimo vyake kimoja kimoja. Kwenye njia panda ya Paje, anayekwenda Bwejuu na Michamvi anakunja kushoto. Sisi tunakunja kulia, bahari ikiwa mkono wa kushoto, na utingo anaanza kuuliza nani anashuka wapi. Kwa Jambiani swali hilo lina maana, kwa sababu kijiji kimejinyoosha kando ya pwani kwa kilomita kadhaa, chembamba, upande mmoja barabara, upande mmoja mchanga mweupe. Hoteli na nyumba za wageni zimejipenyeza mbele, kwenye upepo. Nyumba za wenyewe nyingi zimebaki nyuma.

Maji yakijaa, bahari huja mpaka kwenye kuta za hoteli. Yakipwa siku za bamvua, hurudi nyuma mpaka karibu na mwamba, huko mawimbi makubwa yanakopasukia. Palipokuwa bahari asubuhi na mapema panabaki mchanga, madimbwi na majani, na watu wakitembea kwa miguu mahali ambapo usiku ngalawa zilikuwa zikielea. Hapo ndipo shamba. Mwani wa biashara Zanzibar ulianzia hapa na kwa jirani zetu wa Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshaanza tangu miaka ya 1970 kueleza kwamba pwani ya Tanzania inaweza kulima mwani badala ya kungojea kuuokota ufukweni. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanahesabiwa zaidi ya 20,000, walio wengi wanawake. Wanaoukausha ni wao, na wanaoujaza kwenye mapolo ni wao. Ukishapanda meli huenda nchi za nje kukamuliwa karajini, kitu kinachozuia dawa ya meno isitengane na aiskrimu isiwe maji.

Nimerudi nyumbani likizo ya chuo, kipindi cha kusi, na nimekuja na mizigo miwili. Mmoja ni wa chuo: mahojiano na wakulima wa mwani, ambayo bila ya hayo tasnifu yangu ya uzamivu haitoki sura ya pili. Nataka kujua mwanamke anaamua vipi pale anapoona mwani wake unaoza kila kaskazi: abaki pale pale kwenye maji ya magotini, afuate maji ya kina, ajaribu kufuga sponji, atafute kazi hotelini, au aache kabisa na kurudi kwenye makumbi. Mzigo wa pili ni mguu wa mama. Mama ana kisukari, na kidonda alichokipata chini ya unyayo kimekataa kufunga. Kaka yangu yuko Muscat. Anatuma pesa kila mwisho wa mwezi na kupiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Dada kaolewa Wete na ana watoto wadogo. Pesa ya Muscat hununua dawa na bandeji, lakini haioshi kidonda. Wa kukiosha ni mimi.

Kwenye mlango wa kabati chumbani kwetu nimebandika karatasi mbili ubavu kwa ubavu: jedwali la maji kujaa na kupwa, na kadi ya kliniki ya mama. Jedwali linafuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwa pwani yetu hufika chini kabisa kiasi cha saa nne asubuhi. Ndipo mwani hupandwa, hupaliliwa na kuvunwa. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama hamsini, mpaka baada ya wiki yanakuwa maji mafu, yasiyojaa vizuri wala kukauka vizuri, na shamba hukaa ndani ya maji. Siku hizo wanawake wanafukua makumbi waliyoyafukia ufukweni miezi mingi nyuma, wanayapiga, wanasokota kamba, wanatazama wagonjwa, wanafanya arusi.

Kliniki ya vidonda haijui mwezi. Ni siku moja ya wiki, ile ile, kuanzia saa mbili asubuhi, na anayewahi ndiye anayewahi kuondoka. Bamvua huchukua siku sita, saba, kwa hiyo karibu kila bamvua ina siku yake ya kliniki ndani, na mara nyingine inaangukia katikati kabisa, siku ambayo maji yanakwenda mbali zaidi na kila mkulima ninayemtaka yuko shambani. Ratiba niliyoipeleka chuo imeandikwa kwa wiki, kwa sababu fomu ina visanduku vya wiki. Ratiba ninayoifuata imeandikwa kwa bamvua, na siku ya kliniki imefutwa kwa wino mwekundu.

Kugawa saa si jambo gumu hivyo. Kila mwanamke wa hapa anaishi na magawanyo hayo hayo tangu utotoni: mwani, watoto, kuni, mgonjwa, shughuli ya jirani. Hakuna anayeyaita mzigo wa ajabu, na mimi nikiyalalamikia hadharani nitachekwa. Mama alilima mwani akiwa na mimi tumboni. Mabati ya nyumba yetu ni ya mwani, na sare zangu za skuli zilikuwa za mwani. Nilichokuja kukiona kigumu ni kitu kingine kabisa, na kilinichukua muda kukipata, kwa sababu hakimo kwenye karatasi yoyote kati ya zile mbili za kabatini.

Asubuhi ya bamvua tunateremka kundi. Wanawake wamefunga kanga kiunoni juu ya suruali, miguuni viatu vya plastiki au soksi nzito, maana taa hujificha mchangani na mwiba wake haupoi kwa siku moja. Kila mmoja ana polo tupu, fundo la taitai, vile vijikamba vya kufungia mwani, na chupa ya maji. Mimi nina daftari ndani ya mfuko wa plastiki na simu ya kurekodia. Mwendo wa nusu saa hivi, maji yakianza kwenye vifundo vya miguu, unafika kwenye vijiti vilivyochomekwa mistari mistari, na baina ya kijiti na kijiti kamba iliyoning'inia mwani.

Ninayemfuata leo ni jirani yetu, mwanamke wa rika la dada yangu. Ameshaanza kabla sijafungua daftari. Anashika tawi la mwani kiasi cha kujaa kiganja, analizungushia taitai, anavuta fundo la kufunguka kwa mkono mmoja, anasogea shubiri moja, anashika tawi jengine. Ameinama tangu tulipofika na hatanyoosha mgongo mpaka kamba iishe. Kamba moja ikiisha anaipitishia vidole chini, kuitingisha mchanga na majani yaliyonasa, kisha anahamia ya pili. Ninauliza huku na mimi nimeinama, kwa sababu ukisimama juu ya kichwa cha mtu anayefanya kazi humhoji, unamsimamia.

Lakini siulizi mwani kwanza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama kaamkaje? Mguu?"

Ninaeleza mguu. Umepungua uvimbe, lakini pembeni bado. Anauliza kaka kama kapiga simu Ijumaa. Kapiga. Anaulizia dada wa Wete. Hajambo. Ndipo ninapewa ruhusa ya kuwa mtafiti, na hata hapo ananipa kwa kicheko: "Haya, uliza hayo ya chuo."

Ya chuo anayajua kuliko mimi. Mwani wanaoulima ni wa aina mbili, spinozumu na kotonii. Kotonii hulipwa bei kubwa zaidi, lakini haivumilii joto. Kwenye maji haya ya kina kifupi imekuwa ikifa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kaskazi ikishika, jua la Januari na Februari likayachemsha maji yaliyotuama ndani ya mwamba, matawi hugeuka meupe, hulainika, hukatika na kwenda na mkondo. Iliyobaki ni spinozumu, yenye moyo mgumu na bei ndogo. Wataalamu, Dk. Flower Msuya miongoni mwao, wamekuwa wakijaribu njia za kuipeleka kotonii kwenye maji ya kina ambako joto ni dogo. Jirani yangu anazijua njia hizo. Anasema kwa maji ya kina unataka chombo, na chombo ni cha mwanamme. Unataka kujua kuogelea, na sisi tulifunzwa kutembea baharini, hatukufunzwa kuogelea. Anasema yote haya bila ya kuinua uso, na taitai zinaendelea.

Kuna faida ya kuwa mtoto wa hapa, na ni faida kubwa. Dodoso nililotoka nalo chuo liliuliza mapato ya mwani kwa mwezi. Mwani huchukua kiasi cha siku 45 tangu kufungwa mpaka kuvunwa, yaani bamvua tatu, na baada ya hapo lazima ukauke, na kilo kama kumi mbichi hubaki kilo moja kavu. Mwezi hauingii popote kwenye hesabu hiyo. Mgeni angeuliza mwezi, angejibiwa mwezi, kwa adabu tu, na angeondoka na namba isiyo na mwenyewe. Mimi nilibadilisha swali likawa la bamvua kabla sijamuuliza mtu. Vilevile nilijua kwamba neno "yako" kwenye swali "kamba ni zako?" halitoshi, kwa sababu wapo wanaopewa kamba na taitai na mnunuzi, na aliyepewa kamba hana uhuru wa kumuuzia mwengine. Haya hayakutoka kwenye kitabu. Yalitoka kwa mama, usiku, akihesabu madeni.

Saa saba maji yanarudi na sisi tunarudi mbele yake, mapolo mabichi kichwani yakitiririka mgongoni. Nyumbani kazi ya pili inangoja. Maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, pamba, dawa, bandeji. Mama ananyoosha mguu juu ya kigoda na kutazama upande mwengine, si kwa maumivu bali kwa haya: hakuzaa mtoto aje amshike nyayo, anasema. Kidonda kina ukubwa wa sarafu, kingo zake ni nyeupe, na nimejifunza kutazama rangi ya katikati kabla ya kitu chengine chochote. Nyekundu ni njema. Nikimaliza naandika tarehe na rangi, kwenye daftari jengine.

Baada ya chakula ningepaswa kunukuu mahojiano ya asubuhi. Mlango wa nyumba ya mgonjwa haufungwi. Anaingia shangazi na bakuli la muhogo wa nazi, anaingia jirani wa pili na salamu za mtu wa Makunduchi, anaingia mtoto aliyetumwa chumvi. Kila mmoja ananikuta mbele ya kompyuta na kuniona sina kazi. "Bado unasoma tu? Utamaliza lini?" Aliyeshika jembe au taitai huonekana anafanya kazi, aliyeshika kompyuta anaonekana anapumzika, na anayepumzika hutumwa. Kwa hiyo nukuu ninazifanya usiku, mama akishalala, kusi ikivuma kwenye minazi na watu wa hoteli wakicheza muziki wao mbali kidogo. Ni masaa mazuri. Tatizo langu halikuwa hapo pia.

Lilianza usiku wa kuchambua mchele. Binti wa mama mkubwa alikuwa anaolewa, na kwetu arusi haipikwi na aliyelipwa, hupikwa na jamaa na majirani. Tulikaa ukumbini juu ya mikeka, ungo mikononi, taa moja katikati, pilau ya kesho ikiwa bado mawe na pumba. Kazi hiyo huvuta maneno. Mikono ina shughuli, macho yanatazama ungo, hakuna anayemkabili mwenziwe usoni, na mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akitazamwa hutoka yenyewe. Walizungumza juu ya bwana harusi, juu ya bei ya nyama, kisha wakafika kwenye mwani. Na mwanamke mmoja, ambaye nilikuwa nimeshamhoji na akanijibu kwamba ameacha mwani kwa ajili ya mgongo, akaeleza kwa nini ameacha mwani.

Sababu yenyewe siiandiki hapa, kama ambavyo sikuiandika kwenye daftari. Ilikuwa ya ndani ya nyumba yake. Wenzake waliipokea kwa kucheka kwanza, halafu kwa kunyamaza, halafu mmoja akamwambia maneno ya kumtuliza na ungo zikaendelea. Kwa mtafiti ilikuwa dhahabu. Ingebadilisha sura nzima ya tasnifu, kwa sababu yale yale niliyokuwa nayatafuta kwenye joto la bahari na bei ya mnunuzi yalikuwa mahali pengine. Lakini hakumwambia mtafiti. Aliwaambia wanawake wa ukoo waliokuwa wakichambua mchele, na mimi nilikuwemo kwa sababu ni mtoto wa mama yangu.

Baadaye nilimrudia, mchana, nyumbani kwake, na fomu na simu ya kurekodia mezani. Nikamwambia nataka kurudia maswali kadhaa, na kwamba yupo huru kujibu apendavyo. Nikamuuliza tena kwa nini ameacha mwani. Alinitazama kidogo.

"Mgongo," alisema.

Nikaandika mgongo. Mgongo nao ni kweli. Miaka ya kuinama imeushika kama ilivyoishika migongo yote ya hapa. Alijua nilichokisikia, nilijua kwamba anajua, na akachagua lipi liende chuoni. Hiyo ndiyo ridhaa kamili kabisa niliyoipata likizo nzima.

Nyingi nyengine hazikuwa kamili. Fomu ya ridhaa inaeleza kwamba mtu ana hiari ya kushiriki au kukataa, na akikataa hatapata madhara yoyote. Nilimsomea mama mkubwa, polepole, kwenye kibaraza chake. Kabla sijafika mwisho alinyoosha mkono apewe kalamu.

"Mama mkubwa, unaweza kukataa."

"Nikukatalie wewe, halafu mama yako nimtazame vipi?"

Akatia saini. Sheha alikuwa ameona kibali changu na kukigonga muhuri, kamati ya maadili ya chuo ilikuwa imepitisha kila kitu, na saini ilikuwa yake, kwa mkono wake. Kwa makaratasi hakuna kasoro. Lakini katika Jambiani nzima hakuna hata mmoja aliyenikatalia, na mtafiti ambaye hakukataliwa na mtu yeyote anapaswa kujiuliza kama kweli aliomba. Wasomi wenzangu husema kwamba kutafiti kwenu ni rahisi kwa sababu watu wanakuamini. Wanatuamini, ndiyo. Wanatuamini kwa deni la zamani: huyu ni mjukuu wa fulani, mama yake alikuja kukesha nasi kwenye msiba, kaka yake alitutumia dawa kutoka Muscat. Ninapomuuliza mtu swali, anayejibu analipa sehemu ya deni hilo, au anaweka akiba kwa siku ya shida yake. Na mimi nikiondoka na jibu, deni linabaki kwa mama na mguu wake.

Ndiyo maana kazi za nyumbani si kitu kinachoupunguzia utafiti muda wake. Kuchambua mchele, kutazama mgonjwa, kuhudhuria hitima, kutoa mchango wa sare: hivyo ndivyo deni linavyolipwa, na bila ya kuyafanya nisingekuwa na haki hata ya kusalimia kule shambani. Ila nikiyafanya ili nipate maneno, basi nimeyauza. Baina ya mambo hayo mawili ndimo mtafiti wa kwao anamopaswa kupita. Tangu usiku ule nimejiwekea kanuni moja, rahisi kuieleza na ngumu kuishika: nilichokisikia bila ya daftari kibaki bila ya daftari. Nikikitaka, nirudi mchana, nibishe hodi, niulize upya, nikubali jibu nitakalopewa.

Kanuni hiyo ilikuwa na tundu moja, na aliyelionesha ni mama. Nilikuwa nikifunga bandeji.

"Unazunguka kijiji kizima unauliza watu mwani. Mbona mimi huniulizi?"

"Wewe ni mama yangu."

"Kwani mama yako hakulima?"

Alilima kabla ya wengi ninaowahoji. Alikuwepo wanaume walipoanza pamoja na wanawake, na alikuwepo walipoacha bei ilipoonekana ndogo. Anajua mwaka gani kotonii ilianza kufa upande gani wa kijiji. Kumwacha nje kwa kuogopa udugu kulikuwa ni kumnyima nafasi aliyokuwa anaidai kwa mdomo wake. Kumhoji mimi, nikiwa nimemshika mguu, kulikuwa ni mchezo.

Dawa ilipatikana Makunduchi. Nina mwenzangu tuliyesoma naye, mtoto wa huko, anayetafiti wachokoa pweza, na shida yake ni yangu: mashangazi zake wote wanachokoa pweza na wote wametia saini. Tukabadilishana. Yeye akaja Jambiani kuwahoji jamaa zangu wa karibu, mimi nikaenda Makunduchi kuwahoji wake. Kusini ni ndogo, na huko nako niliulizwa mtoto wa nani kabla sijakaa, na mara moja mzee mmoja akampata bibi yangu kwenye kumbukumbu zake. Lakini udugu wa mbali huacha nafasi. Mwanamke mmoja, ndoano ya pweza ikiwa bado mkononi, alisikiliza maelezo yangu yote kwa utulivu, akasema, "Leo sina nafasi, mwanangu. Na kesho sitakuwa nayo." Nilirudi kwenye gari nimefurahi. Kumbe fomu inafanya kazi.

Siku mwenzangu alipokuja kumhoji mama, nilitoka nikaenda kununua mkate, nikauchelewesha. Niliporudi walikuwa wanakunywa chai na kuzungumza juu ya bei ya vitenge. Usiku, kwenye kidonda, nilimuuliza mama ameulizwa nini.

"Muulize yeye."

Nilimuuliza yeye kwa simu. Akanijibu kwamba kwa mujibu wa fomu, mazungumzo ni ya siri, na kwamba atanipa nukuu pamoja na za wengine, bila majina, kwa mpangilio atakaouchagua yeye. Wote wawili walikuwa na haki, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi, mama alikuwa na jambo la utafiti ambalo mimi sinalo.

Tangu serikali ilipoanzisha Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, mwani umeingia kwenye hotuba nyingi, na watafiti wanateremka ufukweni na madodoso yao. Wengi zaidi sasa ni watoto wa humu humu, na hilo ni jambo jema. Miaka ya nyuma waliokuja walikuwa wageni watupu, wakiuliza mapato ya mwezi. Lakini vyuo vyetu bado vinatufunza kana kwamba sote ni wageni. Fomu za kamati ya maadili zinauliza umri wa wahojiwa, jinsia, hatari ya maumivu, mahali data itakapohifadhiwa. Bajeti ina mstari wa nauli na mstari wa betri. Haina mstari wa mchango wa arusi, ingawa bila ya mchango ule hakuna mlango utakaofunguliwa. Ratiba haina kisanduku cha kidonda. Na hakuna mahali popote ambapo mtafiti anatakiwa kuandika swali la kwanza ambalo kila kijiji cha Kusini humuuliza anayebisha hodi.

Mimi nimeliandika. Katika sura ya mbinu za utafiti nimeweka jedwali la wote waliohojiwa, kwa namba, na pembeni ya kila namba nimetaja: shangazi wa mtafiti, jirani, mke wa binamu, hana udugu naye, alihojiwa na mtu mwengine. Msimamizi wangu ameona ni maelezo mengi kuliko yanavyohitajika na amenishauri niyapeleke kwenye viambatisho, mwisho wa kitabu. Nimemwomba yabaki pale pale, kabla ya namba yoyote ya mapolo na bei. Anayesoma majibu ya watu wa Jambiani ajue kwanza walikuwa wanamjibu nani. Bado tunajadiliana, kwa barua pepe, siku za maji mafu.